Koti halina tundu, mbona nafika nimelowa?

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu. Kila siku natoka Katuba, hapa Lubumbashi, kwenda mjini kwa kinga (baiskeli), dakika 40 hivi. Mvua zilipoanza nilinunua koti la plastiki. Nalifunga mpaka shingoni, na mikononi nalikaza kwa mpira. Nimelijaza maji nikaona halivuji. Lakini nikifika shuleni shati limelowa, na natetemeka. Muuzaji anasema nilipake mazutu (dizeli) yaliyochanganywa na mshumaa ulioyeyushwa, na suruali pia. Itasaidia?

JIBU: Usipake, Mwalimu. Mazutu nitayafikia.

Toka Novemba hakuna wiki inayopita bila mtu kuniletea koti la namna hiyo, ananiomba nimtafutie tundu. Tundu halipo. Maji yanayokulowesha umeyatoa mwenyewe. Ukikanyaga pedali, robo tu ya nguvu ya chakula chako ndiyo inayosukuma kinga. Robo tatu, na mara nyingine zaidi, inageuka joto. Jasho kazi yake ni kulitoa joto hilo, nalo hulitoa kwa kukauka. Ndani ya plastiki iliyokazwa kila upande hewa imeshashiba mvuke, jasho halina pa kukaukia, linateremka mgongoni. Halafu unafika, unasimama mbele ya ubao, misuli inaacha kutoa joto, na shati la pamba lililonywa maji linakuganda mwilini. Ndiyo maana hutetemeki njiani, unatetemeka darasani.

Kinachoniudhi ni kwamba kila mtu akilowa anataka kuziba zaidi. Ukiziba zaidi, unalowa zaidi! Sokoni watakuonyesha koti la mitumba na kukuapia kwamba ni la Ulaya, maji hayaingii na jasho linatoka lote. Yapo makoti yenye utando unaopitisha mvuke, kama Gore-Tex, ambao utando wake uligunduliwa mwaka 1969. Lakini utando huo unafanya kazi pale ambapo ndani kuna mvuke mwingi kuliko nje. Lubumbashi, Januari, mvua ikinyesha, hewa ya nje nayo imejaa unyevu. Na kitambaa cha juu kikishalowa chapachapa, mvuke unapita kwa shida sana. Hata koti la kweli linashindwa. Sembuse lile lililofuliwa kwa sabuni kali miaka kumi kabla ya kufika kwetu.

Kwa hiyo fungua. Tafuta shuka la mvua lenye tundu la kichwa, pana, lililo wazi chini, linalofunika mpaka mikono kwenye usukani, ulifunge kiunoni kwa kamba ili upepo usilipeleke kwenye gurudumu. Ndani vaa jezi ya wachezaji wa kandanda, haishiki maji kama pamba. Shati la kazi liweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Hapo plastiki ina kazi. Toka nyumbani dakika kumi mapema, uendeshe taratibu. Miguu na mgongo vinaloweshwa zaidi na gurudumu kuliko mawingu, basi weka garde-boue, wanayoita madigadi wenzetu wa Tanzania, mbele na nyuma, na ya mbele ishuke karibu na barabara.

Sasa hayo mazutu. Nta kwenye turubai ni jambo la zamani na maji inazuia kweli, ila inaziba kitambaa, unarudi palepale kwenye jasho. Kwenye plastiki haishiki. Mazutu yenyewe yanawasha ngozi, na koti lililopakwa utalianika wapi jioni? Kando ya mbabula, jiko la makaa, kama wote wanavyofanya. Nguo yenye mazutu karibu na makaa ni moto unaosubiri.

Na suruali iliyopakwa inadondosha kwenye rimu. Nawaambia wote wanaosoma, si Mwalimu peke yake: rimu ya chuma ikilowa maji tu, gurudumu linazunguka mara kadhaa kabla mipira ya breki haijayafuta na kuanza kushika. Ikiwa na mafuta, haishiki kabisa. Nimepokea kinga zilizokunjika uma wa mbele, na nikipitisha kidole kwenye rimu kinatoka cheusi. Mwenyewe ananiambia alipaka kinga nzima oili chafu ya motori ili isishike kutu, fulani alimshauri. Oili ni ya mnyororo, tena safi, matone machache, kisha unafuta kwa kitambaa. Anayekuambia upake kila mahali hatakuwepo utakapokuta lori la madini mbele yako kwenye barabara ya Kipushi. Wala usimsikilize anayekupa lutuku upate joto: pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto huku mwili unapoteza joto.

Kama umeshapaka, Mwalimu, osha rimu zote mbili kwa maji ya moto na sabuni, badilisha mipira ya breki maana ya zamani imeshakunywa mafuta, ujaribu breki mahali pakavu, halafu penye maji, kabla hujarudi barabarani.