Je, Bei Nafuu Hutosha Kutabiri Mshindi wa Soko la Simu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa biashara. Tumepewa kazi ya kukadiria ushindani wa kampuni za simu nchini katika miaka mitano ijayo. Wenzangu wanashikilia kwamba kampuni itakayoshusha bei zaidi ndiyo itakayonyakua wateja. Je, hoja hiyo ina mashiko?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, hoja hiyo ilikwisha kujaribiwa hapahapa Kenya. Julai 2010, Tume ya Mawasiliano ilipunguza ada ambayo mtandao unaopiga huulipa mtandao unaopokea, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi uliofuata Zain, ambayo ilikuwa imekwisha kununuliwa na Bharti Airtel ya India, ilishusha gharama ya kupiga simu kwa mitandao yote hadi shilingi 3 kwa dakika, na washindani wake wakalazimika kushusha pia. Faida ya Safaricom ilipungua, lakini kampuni hiyo ilibaki ya kwanza, na Oktoba 2011 ikathubutu kupandisha bei. Aliyeshindwa kustahimili vita hivyo ni mdogo: yu, mtandao wa Essar, ulitoka sokoni mwaka 2014, wateja wake wakachukuliwa na Airtel na miundombinu yake ikaenda kwa Safaricom.

Sababu kubwa ni kwamba mteja hakuhitaji kuhama. Alinunua laini ya pili ya kupigia kwa bei nafuu, huku ile ya kwanza akiendelea kuishika kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma na kuweka pesa kwa simu, iliyoanza Machi 2007. Hata ruhusa ya kuhama na namba, iliyotolewa Aprili 2011, ilitumiwa na wachache, maana namba ilihama lakini akaunti ya pesa haikuhama. Hapo ndipo wakadiriaji wengi huteleza: huhesabu laini wakidhani wanahesabu watu.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora grafu ya idadi ya wateja, chunguza kwanza ni nini kinachomgharimu mteja anapohama, kisha fuatilia maamuzi ya msimamizi wa soko, ambayo, kwa maoni yangu, hubashiri mengi kuliko matangazo ya kampuni zenyewe. Usisahau pia mshindani asiyefanana na wengine. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023, haishindanii dakika za maongezi bali intaneti ya nyumbani, na anayezitazama kampuni za simu peke yake hatamwona.

Mwisho, usiandike utabiri mmoja; andika tabiri mbili, kila moja na sharti lake. Ikiwa kutuma pesa kwenda mtandao mwingine, na kuzitoa kwa wakala yeyote, kutakuwa rahisi sawa na ilivyo ndani ya mtandao mmoja, bei ya simu na intaneti itarudi kuwa silaha kali. Isipokuwa hivyo, tarajia laini za akiba ziongezeke na mpangilio wa kampuni ubadilike kidogo sana.