Mbegu inaota gizani kwa nguvu gani?

Ndugu, umeuliza mbegu ya mahindi inapata wapi nguvu ya kuota ikiwa imefukiwa, haina jani wala haioni jua. Inakula akiba yake. Sehemu kubwa ya punje ni wanga. Ikishanyonya maji, kiini, yaani mche mchanga ulio ndani ya punje, huamsha vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za mwili) vinavyoukata wanga huo kuwa sukari.

Sukari haitumiki hivyo hivyo. Ndani ya seli, glukosi (sukari sahili) moja hupasuliwa kwanza vipande viwili, kazi isiyohitaji oksijeni na inayotoa ATP 2 tu. ATP ndiyo nishati ambayo seli inaweza kuitumia moja kwa moja. Vipande hivyo huingia kwenye mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati, na hapo, oksijeni ikiwepo, hesabu hufika kama ATP 30 hivi. Kinachobaki ni maji, kaboni dayoksaidi na joto.

Ndiyo maana shamba likituama maji mbegu huoza: oksijeni haifiki, zinabaki zile ATP 2, na alkoholi inaanza kujikusanya. Na gunia la mahindi yasiyokauka vizuri, ukitia mkono katikati unakuta joto. Punje zinapumua, yaani zinavunja sukari kwa njia hiyo hiyo na kutoa joto, na ukungu nao unapumua humo humo.

Halafu hili la kwamba mimea hupumua usiku tu, hapana. Inapumua saa zote; mchana usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) huwa mkubwa zaidi ndiyo maana hatuoni kupumua huko.