Sauti inayozama mwishoni mwa sentensi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa chama na husoma taarifa mikutanoni. Naanza vizuri, ila sentensi ikikaribia kwisha sauti inazama, na watu wa nyuma wanalalamika. Nikipaza zaidi, koo linakauka na kuuma. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Acha kupaza. Shida yako ni pumzi, na hasa mahali unapoivuta.

Sauti hutokea hewa ya mapafuni inapotikisa nyuzi za sauti kooni. Hewa ikipungua, nyuzi hukosa msukumo, nawe unakaza shingo ili umalizie. Maumivu yako yanatoka hapo. Wasomaji wengi wa taarifa huvuta pumzi moja kwa kupandisha mabega, kisha hukimbilia nukta. Pumzi hiyo ni fupi. Weka kiganja kitovuni: ukivuta hewa, tumbo likisukume nje, mabega yatulie. Itoe kwa "sss" nyembamba isiyoyumba kwa sekunde 15, na ukishazoea, 20.

Halafu shika kalamu. Tuseme umeandika: "Kamati imekaa mara tatu, imepitia hesabu zote za mwaka, na imeamua mradi huu usiendelee." Ukiisoma kwa pumzi moja, neno litakalozama ni "usiendelee", yaani uamuzi wenyewe! Aliyeketi nyuma ataondoka akijua kamati imeamua, asijue imeamua nini. Au baya zaidi, asikie "uendelee". Chora mkwaju (/) baada ya "tatu" na baada ya "mwaka". Ukifika kwenye mkwaju, nyamaza, vuta hewa, ndipo uendelee. Wewe utauona ukimya huo mrefu mno. Msikilizaji anauhitaji ili ayashike uliyosema.

Kiswahili kinatudai uangalifu zaidi. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ya mwisho hubaki dhaifu, na mara nyingi ndiyo iliyobeba maana. "Waende" ni agizo, "waenda" ni taarifa. Ukiimeza irabu hiyo, umebadilisha habari.

Usidhani ni wewe peke yako. Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba Demosthenes wa Athens (384–322 KK), msemaji mashuhuri wa Ugiriki ya kale, alianza akiwa na pumzi fupi iliyokatakata sentensi zake hadi watu wakashindwa kumfuata. Akajizoeza kutoa hotuba huku akikimbia na kupanda miinuko. Inasimuliwa pia kwamba alihutubia akiwa na kokoto mdomoni; hilo usiliige, zinaweza kukukaba. Lakini kusoma aya moja huku ukitembea haraka, kama afya yako inaruhusu, ni zoezi zuri sana.

Kuhusu koo kukauka: kunywa maji saa kadhaa kabla, kidogo kidogo. Maji hupita njia ya chakula, hayagusi nyuzi za sauti, kwa hiyo glasi ya jukwaani hulowesha mdomo tu. Na sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3 hata baada ya kuipumzisha, muone daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kuendelea na mazoezi.