Maswali ya Wasomaji: Kujiandaa Kutoka Gerezani California

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu jamaa waliofungwa katika magereza ya jimbo la California, au waliotoka humo karibuni. Tumeondoa kila kitu ambacho kingewatambulisha wenyewe. Majibu yanahusu magereza ya jimbo peke yake, kwa kuwa magereza ya serikali ya shirikisho na jela za kaunti zina taratibu zao.

Swali: Mimi ni mama wa watoto watano, mzaliwa wa Kivu ya Kusini. Tuliishi kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa San Diego. Mwanangu wa pili alihukumiwa kifungo cha miaka tisa, na hadi sasa ametumikia miaka miwili. Kila akipiga simu ananiambia kwamba jina lake limo katika orodha ya kusubiri darasa, lakini haitwi. Watu wa kanisani wanasema mfungwa akisoma anapunguziwa kifungo, wengine wanasema hayo ni maneno tu. Ukweli ni upi, na mimi niliye huku nje nifanye nini?

Jibu: Mama, watu wa kanisani wamekuambia kweli. Mnamo Novemba 2016 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 57, lililoipa idara ya magereza uwezo wa kumpunguzia mfungwa siku za kifungo kwa mwenendo mwema na kwa masomo. Punguzo hilo lina mafungu kadhaa, na inafaa mwanao ayajue moja moja. Fungu la kwanza ni la mwenendo mwema, ambalo huhesabiwa lenyewe kadiri anavyokaa bila kuvunja kanuni, na ambalo huweza kunyang'anywa akipatikana na kosa. Fungu la pili ni la kumaliza hatua za kozi za darasani au za ufundi. La tatu ni la elimu ya juu: anayehitimu shahada ya chuo akiwa ndani hupunguziwa siku 180. La nne ni la vikundi vya kujirekebisha ambavyo mfungwa hujiunga navyo kwa hiari, ambako kila saa 52 za mahudhurio humpatia siku 10, lakini kwa mwaka haziwezi kuzidi siku 40. Wenye hukumu ya kifo, na wenye kifungo cha maisha kisicho na matumaini ya parole, yaani kuachiwa kwa masharti, hawamo katika mpango huu, mwanao yumo.

Hili la vikundi ndilo ningelishikia bango kwanza, kwa sababu foleni yake si ile anayoisubiri sasa. Orodha ya madarasa hupangwa kwa kutazama mahitaji ya mfungwa pamoja na muda aliobakiza, hivyo mwenye miaka mingi mbele yake hurukwa na aliyebakiza mwaka mmoja. Idara ina sababu zake, maana nafasi ni chache na anayetoka kesho anahitaji kuandaliwa leo. Hata hivyo naamini kwamba utaratibu huu unaharibu miaka ambayo kijana angefinyangika kwa urahisi zaidi, kwani asiyepata mwalimu katika miaka yake ya mwanzo hupata walimu wengine huko uwanjani, na wanachofundisha hakimfai.

Foleni husogea kwa maandishi. Kila mfungwa ana afisa mshauri anayeshughulikia faili lake, na angalau mara moja kwa mwaka kikao cha maofisa hulipitia faili hilo mbele yake. Mwambie aingie katika kikao hicho na ombi lililoandikwa, linalotaja kozi anayoitaka kwa jina lake, abaki na nakala, na kila cheti anachopata akitume nakala nyumbani ukitunze. Vyeti hupotea wafungwa wanapohamishwa kutoka gereza hadi gereza, na siku asizoweza kuzithibitisha ni vigumu kuzidai.

Jambo jingine ambalo familia za wakimbizi hulitambua kwa kuchelewa ni mtihani wa kusoma na hesabu ambao mfungwa hufanyishwa, na ambao matokeo yake huamua ngazi ya darasa atakalopangiwa. Kijana aliyesoma kambini, kisha akaingizwa sekondari ya Kimarekani kabla Kiingereza hakijamkaa, anaweza kupata alama ndogo zisizolingana na akili yake. Asione haya kuanza na darasa la chini. Amalize cheti cha sekondari, kwa maana bila hicho milango mingi ya ufundi na chuo haifunguki.

Chuo kipo, Mama. Sheria ya mwaka 2014 iliviruhusu vyuo vya jamii vya California kuwafundisha wafungwa ana kwa ana, na tangu Julai 2023 wafungwa wa Marekani yote wamerudishiwa haki ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya shirikisho uitwao Pell, ambao walikuwa wamenyimwa tangu 1994. Huenda pia umesikia habari za San Quentin, gereza la mwaka 1852 ambalo Gavana Gavin Newsom alilibadilisha jina mwaka 2023 kuwa kituo cha urekebishaji. Ndani yake kuna Mount Tamalpais College, kinachofundisha bila ada, na ambacho mnamo Januari 2022 kilipata ithibati ya kujitegemea. Ni sifa inayostahili, lakini mwanao asikae akingoja uhamisho wa kwenda huko huku akiyaacha yaliyo mbele yake. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya mwaka 2013 matokeo ya tafiti nyingi za Marekani, na ikaona kwamba wafungwa walioshiriki masomo ya aina yoyote walirudi gerezani kwa kiwango kilicho chini kwa pointi 13 za asilimia kuliko wasioshiriki.

Kwa upande wako, usimwache apoe. Tangu Januari 2023 simu kutoka magereza ya jimbo hazitozwi gharama, kwa hiyo mzungumze mara kwa mara, na umwulize amesoma nini wiki hii kama ambavyo ungemwuliza angekuwa shuleni. Mtembelee kila uwezapo. Idara ya magereza ya Minnesota ilifuatilia wafungwa zaidi ya 16,000 waliotoka kati ya 2003 na 2007, na ikagundua kwamba waliotembelewa walikuwa na hatari ndogo zaidi, kwa asilimia 13, ya kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Tena anza sasa kukusanya hati zake: cheti cha kuzaliwa kama kipo, karatasi za ukimbizi, namba ya hifadhi ya jamii. Zipo programu za kumtengenezea mfungwa kitambulisho cha jimbo kabla hajatoka, lakini hati za msingi zikikosekana kazi hiyo hukwama, naye akatoka bila kitambulisho asiweze kufungua akaunti, kupanga chumba wala kuajiriwa.

Swali: Kaka yangu aliletwa Marekani akiwa mtoto mkimbizi. Ana ukaazi wa kudumu lakini hakuwahi kuomba uraia. Anamaliza kifungo chake mwakani, kozi zote amemaliza, na chumba chake kwetu kiko tayari. Mfungwa mwenzake amemwambia asitegemee kufika nyumbani, kwamba maafisa wa uhamiaji watamchukua pale pale mlangoni. Je, California si jimbo linalolinda wahamiaji?

Jibu: Ndugu yangu, nasikitika kwamba mwenzake amesema jambo linalotokea kweli. Sheria ya mwaka 2017 inayojulikana kama sheria ya hifadhi iliwawekea polisi wa miji na masherifu wa kaunti mipaka katika kushirikiana na ICE, idara ya shirikisho inayowakamata na kuwafukuza wageni, lakini magereza ya jimbo hayakuingizwa katika mipaka hiyo. Kwa hiyo idara ya magereza humjulisha ICE tarehe ya kutoka kwa mfungwa asiye raia, na humkabidhi akiombwa. Muswada wa kusimamisha makabidhiano hayo ulikwama mwaka 2022, na mwingine wenye mipaka zaidi ulipitishwa na bunge la jimbo mwaka 2023, Gavana Newsom akakataa kuutia sahihi.

Nasema wazi kwamba naona dhuluma katika hili. Jimbo hutumia fedha za walipa kodi kumfundisha mtu, bodi ya parole au hesabu ya kifungo ikaamua kwamba anastahili kurudi kwa watu wake, halafu siku ile ile akakabidhiwa kwa wanaomwondoa katika nchi, akapelekwa asikokujua. Aliyefungwa pamoja naye kwa kosa lile lile, ila akawa raia, anapokewa na mama yake.

Mwaka uliobaki ni muda wa kutosha kufanya kazi ya maana, nao usipotee. Kwanza chunguzeni kama kaka yako ni raia pasipo kujua. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto mwenye ukaazi wa kudumu aliyekuwa chini ya miaka 18, akiishi na mzazi mwenye haki ya kumlea, huwa raia moja kwa moja siku mzazi huyo anapopata uraia, hata kama hakuna aliyemwombea hati. Tazameni tarehe iliyo katika cheti cha uraia cha mzazi, mlinganishe na tarehe ya kuzaliwa ya kaka yako. Kuna watu waliozuiliwa na uhamiaji ilhali ni raia, kwa sababu tu familia haikuwa na habari na kanuni hii.

La pili linahusu hukumu yenyewe. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri kosa. California ikaenda mbele zaidi: tangu 2017, kifungu cha 1473.7 cha kanuni ya adhabu kinamruhusu mtu ambaye hayuko tena kifungoni kuomba hukumu ifutwe iwapo hakuelewa madhara ya kukiri kwake kwa upande wa uhamiaji. Kama kaka yako alikiri bila mkalimani anayemwelewa, au bila kuambiwa neno lolote kuhusu ukaazi wake, hoja hiyo ina uzito na ianze kuandaliwa sasa.

Mimi si wakili, na kesi hii inamhitaji wakili anayezijua sheria za jinai na za uhamiaji kwa pamoja. Katika mahakama ya uhamiaji serikali haimpi mtu wakili wa bure kama ilivyo katika kesi ya jinai, hivyo tafuteni mapema shirika la msaada wa kisheria katika kaunti yenu. Jihadharini na wajaza fomu wanaojitangaza kuwa wataalamu. Na mwambieni kaka yako asitie sahihi karatasi yoyote ya uhamiaji kabla wakili hajaisoma.

Swali: Mume wangu anatoka baada ya miezi mitatu. Alifungwa kwa sababu ya dawa za kulevya, na huko ndani amekaa muda mrefu bila kuzitumia. Ndugu wanapanga sherehe ya kumpokea. Mimi nina hofu, nao wananiambia kwamba simwamini mume wangu.

Jibu: Dada, hofu yako ina msingi, na wala haimvunjii mumeo heshima. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka, hatari ya kufa kwa waliokuwa wafungwa ilikuwa mara 12.7 ya watu wengine, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa. Mwili uliopumzika hauwezi tena kuhimili kipimo cha zamani, na fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu ambayo imo katika dawa za mitaani, imeifanya hatari hiyo kuwa kubwa zaidi.

Tangu 2020 magereza ya California yana programu ya kutibu uraibu, ambayo huwapa wanaofaa dawa kama buprenofini. Mwulize kama amesajiliwa. Ikiwa anatumia dawa hiyo, atoke na akiba ya kumfikisha kwenye miadi ya kliniki ya nje, na miadi hiyo iwe imeshapangwa kabla ya siku ya kutoka. Aombe pia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, nanyi nyumbani mjifunze kuitumia, tangu wewe hadi kijana mkubwa wa nyumba. Ndugu wakitaka kumpokea kwa vizuri, mkusanyiko uwe mdogo, na fedha za sherehe zimlipie kodi ya chumba na nauli ya kliniki, kwa sababu serikali humpa anayetoka dola 200 tu, kiwango kilichowekwa mwaka 1973 na ambacho leo hakimalizi wiki.

Swali: Nina kampuni ndogo ya usafi Los Angeles, yenye wafanyakazi wanane. Imamu wetu ameniomba nimwajiri kijana aliyetoka gerezani. Niko radhi, ila wateja wangu hunipa funguo za ofisi zao. Sheria inasemaje?

Jibu: Ndugu, tangu 2018 mwajiri wa California mwenye wafanyakazi watano au zaidi haruhusiwi kuuliza habari za hukumu za mwombaji kabla ya kumwahidi kazi, nawe umo. Ukishamwahidi unaweza kuchunguza, lakini ukitaka kughairi ni lazima upime kosa lenyewe, muda uliopita na uhusiano wake na kazi, kisha umwandikie, na umpe angalau siku tano za kazi ajibu. Kwa kuwa Imamu amekwisha kukueleza habari zake, usiifanye ahadi ya kazi kuwa huruma inayoweza kurudishwa wakati wowote. Fuata utaratibu huo huo.

Kuhusu funguo, kuna mpango wa dhamana wa serikali ya shirikisho, ulioanzishwa mwaka 1966, unaomkinga mwajiri dhidi ya wizi wa mfanyakazi wa namna hii kwa miezi sita ya mwanzo, bila malipo, kwa kiasi kinachoanzia dola 5,000. Uombe katika ofisi ya ajira ya jimbo iliyo karibu nawe kabla hajaanza kazi. Mwulize pia kama yuko chini ya afisa wa parole wa jimbo au afisa wa uangalizi wa kaunti, kwa sababu tangu 2011 wengi waliofungwa kwa makosa yasiyo ya kutumia nguvu husimamiwa na kaunti. Atatakiwa kuripoti kwa afisa huyo, mara nyingi saa za mchana, na kukosa miadi kunaweza kumrudisha ndani. Kazi ya usafi wa ofisi hufanyika jioni, kwa hiyo mpangie zamu hiyo.