Windows na Linux kwenye kompyuta moja: yaliyonikuta mimi yasikukute

Jana usiku kijana mmoja wa Kasulu kanitumia meseji. Anasema kaka, nimeona mashine yako ikiwaka inakuuliza unataka Windows au Linux, ile mifumo miwili ya kuendesha kompyuta, na mimi naitaka hivyo hivyo, nina diski moja tu ina vitu vyote vya nyumbani, nianzie wapi? Hapo kwenye diski moja ina vitu vyote ndo usingizi ukaniisha, maana na mimi nilianzia hapo hapo.

Nina kibanda cha stesheneri hapa Mwanga, Kigoma mjini. Natoa kopi, naprinti, natengeneza kadi za harusi na ratiba za misiba. Programu ya kadi ni ya Windows tu na siwezi kuitupa kwa sababu ndo inanipa ugali na mgebuka. Ila virusi vya flashi za wateja vilinichosha, mtu anakuja na flashi ina CV moja na virusi kama arobaini, na usiku nilikuwa najifunza kuandika programu, kazi ambayo mimi naiona inaenda vizuri zaidi kwenye Linux. Nikasema naziweka zote mbili. Nikajiona mjanja.

Mint, aina mojawapo ya Linux, nilidaunilodi kwa bando la usiku, ni karibu gigabaiti 3, nikaiweka kwenye flashi, nikaiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi, ikaniuliza nigawe diski vipi. Nikavuta kamstari kale, huku Windows huku Linux, nikabonyeza endelea. Ilikuwa inapunguza patisheni ya Windows, yaani kipande chake cha diski, kazi ya kusogeza mafaili kutoka huku kwenda kule, na katikati ya hiyo kazi umeme ukakata. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, sikuwa nayo. Uliporudi, Windows haiwaki, Linux haipo, diski inasoma kama mtu aliyelewa.

Mle ndani kulikuwa na picha za harusi ya dada yangu kule Ujiji, na picha za marehemu baba akiwa bandarini, nyuma yake meli ya Liemba imetia nanga. Kopi sikuwa nayo hata moja. Nikampelekea fundi mmoja, sitamtaja, akachukua elfu themanini, baada ya wiki akanirudishia diski anacheka, "nimekupigia Windows mpya, saa hizi iko fasta". Jamani. Nilimwambia aokoe picha yeye kaandika Windows mpya juu yake! Shemeji yangu mpaka leo tukikaa kwenye shughuli lazima aulize, vipi mtaalamu, picha zetu zimepatikana? Watu wanacheka na mimi nacheka nao, ila inauma.

Kwa hiyo dogo, na wengine wenye ndoto kama zake, ushauri wangu ni kopi. Kabla hujagusa kitu chochote toa kopi, weka kwenye diski nyingine, na hiyo diski nyingine iwe imechomolewa, imekaa kabatini.

Msukumo wa kujaribu tena ulikuja Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 ile ya kawaida. Windows 11 wanataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, mimi mfuko wangu unaishia kizazi cha nne. Nikaona Windows 10 ibaki ya kadi tu bila intaneti, mengine yote Linux. Nikaagiza vitu vya mtumba Kariakoo, vikaja kwa basi: kasha la kompyuta, mazabodi (ile bodi kuu), prosesa ya i5, pawasaplai, na ramu ya DDR4. Mazabodi inakubali ramu ya DDR3 tu, toleo la nyuma yake. Nilikuwa naisukuma ile ramu mpaka jasho linanitoka, kumbe kale kapengo ka katikati hakakai sehemu moja, haiwezi kuingia hata ukiipigia dua. Nikaagiza nyingine, nikasubiri. Siku mbili zikaisha skrini nyeusi, hizo naziruka.

Safari hii nilinunua diski za SSD mbili ndogo badala ya moja kubwa. Hapa ndo penyewe. Weka Windows kwenye ya kwanza huku ya pili umeichomoa kabisa waya. Ikikamilika, chomoa ya Windows, chomeka ya pili, weka Linux. Mwisho chomeka zote, ingia bayosi, yaani mipangilio ya mazabodi kabla mfumo haujawaka, uchague ya Linux itangulie, halafu ndani ya Linux andika sudo update-grub, itaiona Windows na kuiweka kwenye menyu ya kuchagua mfumo. Hakikisha tu zote umeziweka kwa UEFI, ile njia mpya ya kuwasha mfumo, usichanganye na ile ya zamani. Kwa njia hii hakuna mfumo unaogusa nyumba ya mwenzie, ukikatika umeme unapoteza ulichokuwa unaweka saa ile basi. Wenye diski moja wanaweza, Windows itangulie Linux ifuate, lakini kopi kwanza. Nimeshasema? Narudia.

Kingine, kule Windows zima ile fasti statapu (Fast Startup, ya kuwaka haraka), isipozimwa Windows inakuwa haijazimika kabisa, na Linux ikitaka kuandika kwenye diski ya Windows inagomewa. Na saa! Wiki nzima risiti zangu zilikuwa zinatoka saa saba mchana wakati ni saa kumi jioni, mteja mmoja akadhani namfanyia ujanja. Linux inaiweka saa ya mazabodi kwa UTC, ile saa ya dunia, Windows inaisoma kama saa ya hapa, ndo hayo masaa matatu yetu. Dawa yake, ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.

Siku menyu ilipotokea nilimwita shemeji aje kuona. Alikuja, akaangalia, akasema "na picha je?"

Haya yote nimemwandikia yule kijana leo asubuhi, meseji ndefu kama barua ya posa. Mchana akajibu: "Asante kaka, ila mi nilianza jana ile ile, imefika asilimia 62 imeganda, nizime?"

Nimempigia mara nne. Hapatikani.