Napiga kinanda kanisani, nina miaka 19, nimechelewa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19 nakaa Mikindani, napiga kinanda kanisani hapa Mtwara mjini mwaka wa nne sasa, na nimeshatunga nyimbo sita za sauti nne, mbili kwaya inaziimba. Juzi mshkaji kanionyesha YouTube kijana wa kichina anapiga piano na okestra nzima, mwanzo ngoma zinavuma kama bahari imechafuka, af huko mbele ikaingia filimbi ya mwanzi, aisee nilitokwa na machozi. Wenzangu wanasema wachina wanaanza na miaka mitatu kwahiyo mi nisahau. Kingine, nimejaribu kutunga kitu kwa ile sauti ya wavuvi wanayoimba wakipandisha dau, mwalimu wa kwaya kasema hizo ni za pwani huko, sio muziki wa kinanda. Na mzee anataka niache yote niende kwenye korosho kwa babu Newala. Nifanyeje?
Mpiga kinanda, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na naanza na hao wavuvi kwasababu ndo penye jambo lenyewe.

Hiyo uliyosikiliza, kwa hiyo filimbi na huo mvumo wa mwanzo, naamini ni Konseto ya Piano ya Mto Manjano (konseto ni muziki mrefu wa mpigaji mmoja akiwa mbele ya okestra), na sehemu yake ya kwanza inaitwa wimbo wa mabaharia wa Mto Manjano. Yani watu wa kupiga makasia, wanaitikiana huku wanapambana na maji! Kilichokuliza wewe ni ndugu yake hicho ulichokatazwa kutunga. Halafu haikuanzia kwenye piano, ilianzia kwenye kwaya: mwaka 1939 kule Yan'an, China, wakati wa vita na Wajapani, mtunzi Xian Xinghai alitunga kantata, wimbo mrefu wa kwaya na vyombo, na vyombo vyenyewe havikuwa vya kutosha. Miaka 30 baadaye ndo kundi la wanamuziki wakaigeuza iwe ya piano na okestra, na mmojawao, aliyekaa mwenyewe kwenye piano, alikuwa kijana wa miaka 28 anaitwa Yin Chengzong.

Huyu Yin ndo nataka umfuatilie kwasababu ni kama wewe, mpigaji na mtunzi kwa pamoja. Kazaliwa 1941 kisiwa cha Gulangyu, pale Xiamen, kisiwa kidogo ambacho wamisionari na wageni walikipelekea piano nyingi mpaka leo kinaitwa kisiwa cha piano (mwaka 2017 UNESCO wamekiingiza kwenye urithi wa dunia). Ukifikiria vinanda vya Ndanda na Masasi vilifikaje utaelewa haraka. Akiwa na miaka 9 kashafanya onyesho lake, 1962 akaenda Moscow kwenye mashindano makubwa ya piano ya Tchaikovsky akawa wa pili. Kisha 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yakaanza, ile kampeni ya Mao ya kufuta mambo ya kizamani na ya kimagharibi, piano ikaonekana chombo cha mabwanyenye, watu wakaacha kupiga na wengine waliteswa kwa ajili hiyo. Yin 1967 akaisomba piano mpaka uwanja wa Tiananmen akawapigia watu nyimbo wanazozijua wenyewe, baadae akaitungia piano isindikize opera ya kichina, na baada ya hapo ndo Mto Manjano ikaja. Mi naona aliweza kwasababu aliwapelekea watu sauti ambayo walikuwa nayo tayari.

Kwahiyo mwalimu wako wa kwaya mheshimu, ila hiyo kazi ya wavuvi usiichane. Nenda ufukweni hapo Mikindani alfajiri, sikiliza nani anaanzisha na wengine wanaitikia wapi na wanavuta kwenye neno gani, maana mapigo yako kwenye ule mvuto, sio kwenye maneno. Hapo ndo wengi wanakosea, wanachukua melodi wanaiwekea akodi tatu za kanisani basi inakuwa imekufa.

Kuhusu umri. Ni kweli Lang Lang, mpiga piano maarufu wa China, alianza na miaka mitatu mjini Shenyang, akiwa na 9 akahamia Beijing na baba yake, mama akabaki nyumbani anafanya kazi ili pesa ije. Akiwa na 17 akaitwa ghafla kuziba nafasi ya mpigaji aliyeumwa, na okestra ya Chicago, mwaka 1999, toka siku ile hajashuka. Lakini hawo wenzako wanaokutajia miaka mitatu wakutajie na haya: mwenyewe alisimulia kwamba pale Beijing mwalimu alipomkataa, baba yake kwa hasira alimwambia bora afe. Mtoto wa miaka 9! Siwezi kumwambia mzazi yeyote wa Mtwara aige hilo, nasema kwa moyo wote. Na mwaka 2017 mkono wake wa kushoto uliumia kwa mazoezi akakaa nje zaidi ya mwaka.

Kupiga konseto kama yeye, kuanza sasa ni kugumu sana, sikufichi. Kinanda cha kanisa kina vibonyezo 61 vyepesi, piano ina 88 na ni vizito, vidole vyako havijazoea. Ila kutunga hakuna mlango uliofungwa na umri wa 19. Una sauti nne kichwani tayari, hiyo watu wanasomea miaka.

Sasa mzee. Usigombane nae. Msimu wa korosho mkubwa ni kuanzia mwezi wa kumi, nenda Newala ukamsaidie babu, ukirudi na hela yako mwenyewe mwombe akuruhusu uulizie TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, au DCMA, chuo cha muziki cha Zanzibar, chuo kikuu cha Dar nacho kina muziki kama vyeti vyako vinaruhusu. Mzazi anasikia tofauti mtoto akija na mahesabu mkononi. Wakati huohuo weka MuseScore, programu ya kuandikia nota, kwenye kompyuta yoyote utakayopata, ni ya bure, uandike nota zako zisipotee.

Ukimaliza huo wa wavuvi nitumie picha ya nota, nataka kuona besi umeiweka wapi wakati wanavuta.