Kwa vijana wanaobandika jina kabla ya kupima

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wetu mmoja akipiga stensili ya jina la karakana kwenye merigoraundi ya mteja. Rangi mbichi, na chombo chenyewe hakijazungushwa hata kikiwa kitupu. Nikamuuliza afanya nini. "Fundi, si tangazo la bure hili?" Tangazo ndiyo, lakini la nini? Mwaka huu mmeingia wengi, na makosa mnayoyafanya ni yale yale tuliyoyafanya sisi mkiwa bado mwabebwa mgongoni. Naandika mara moja, msome nyote, tusiulizane tena.

1. Ukishika kazi ya fundi mwingine, imekuwa yako.

Wakati wa chai hamna kazi ila kutazama rolakosta, yale magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi, kwenye simu, basi tuanzie huko. Bustani ya burudani ya Cedar Point, Ohio, Marekani, ilikuwa na rolakosta iitwayo Top Thrill Dragster, iliyojengwa na kampuni ya Intamin mwaka 2003: mnara wa futi 420, mwendo wa maili 120 kwa saa. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye gari kikamjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. (Waliochunguza ni Wizara ya Kilimo ya jimbo hilo. Msicheke. Sisi nasi mapembea makubwa twayapandia Mkomani, Mombasa, kwenye maonyesho ya kilimo.) Bustani ikaifunga, baadaye ikawapa kazi Zamperla wa Italia waitengeneze upya. Hawa ni watu wa tangu 1966, na kwa miaka mingi walijulikana zaidi kwa mapembea ya watoto na familia. Mnara wa zamani ukabaki, ukaongezwa wa pili wa futi 420, mtambo wa haidroliki ukatolewa zikawekwa mota za sumaku, yakaletwa magari mapya ya aluminiamu. Ikaitwa Top Thrill 2.

Ilifunguliwa mapema Mei 2024. Haikumaliza wiki mbili, ikafungwa magari yafanyiwe marekebisho, na msimu wote ukaisha minara imesimama bure. Imekuja kufunguliwa tena 2025. Sasa jiulizeni ni jina la nani lililozungumzwa mwaka mzima ule. Mnara ni wa Intamin, lakini tangazo la bustani lenyewe lilimtaja Zamperla, kwamba ndiye anayetakiwa kuyarekebisha magari. Kampuni yenye vyombo vinavyozunguka salama dunia nzima, watu wakawa wanaijadili kwa kimoja kilichosimama.

2. Tarehe ya mteja si siku yako ya majaribio.

Idi itafika hata pembea haijafika. Wakubwa pia hili limewashinda. Arrow Dynamics, watengeneza rolakosta wa Utah, Marekani, jina lililoanzia kwa wale waliotandika njia za mabomba ya chuma za rolakosta ya Matterhorn pale Disneyland mwaka 1959, waliingia kwenye mradi wa rolakosta iitwayo X katika bustani ya Magic Mountain, California: viti vinavyojipindua vyenyewe njiani, kitu ambacho hakikuwa kimejaribiwa kwa ukubwa ule. Fedha zilikuwa zimeshawabana. Desemba 2001 wakaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi, na mwaka uliofuata S&S, kampuni nyingine ya mapembea, wakanunua kilichobaki.

3. Ufa hausomi kwotesheni.

Hili limenitokea mimi, na wazee wa hapa wanalijua, kwa hivyo heri mlisikie kwangu. Mteja mmoja, simtaji, alileta pembea ya minyororo iliyotengenezwa na fundi wa bara. Alitaka viti vipya, beringi mpya na rangi. Idi inabisha hodi. Nikipiga msasa kwenye shina la mkono mmoja, nikaona mstari wa kutu mwembamba kama unywele, unatokea pembeni mwa weldi ya zamani. Nikaukwangua kwa ukucha, ukarudi mwekundu. Chuma kizima hakitoi kutu ya namna ile. Mwajua, nami nilijua. Nikasema: kwotesheni, ile karatasi ya kazi na bei tuliyokubaliana, yasema viti, beringi na rangi. Ufa ni wa bara. Nikapiga praima, rangi ya kwanza, juu yake, nikapiga rangi ya kijani nzuri kweli kweli, nikaandika jina letu na nambari ya simu, herufi kubwa.

Idi pili, jioni, uwanja umejaa, mkono ukainama. Haukukatika, alhamdulillahi. Kiti kikaburura chini, mtoto akachubuka goti, na mamake akasoma ile nambari. Tangazo lilifanya kazi. Alipiga yeye, akapiga shemeji yake, wakapiga watu nisiowajua. Nikaizima simu.

Kuizima simu ndiko kulikonimaliza. Mimi nimejificha Jomvu kwa dada yangu, mwenye pembea yuko uwanjani anawaeleza watu kwamba fundi amemwekea chuma rahisi. Nilipotoka na maelezo yangu ya ufa wa zamani, hakuna aliyeyataka. Yule mteja hakurudi, na wenzake wa mapembea wakatukwepa. Tukala kwa mageti na vyuma vya madirisha mpaka tukachoka. Fundi wa bara hadi leo hajui kama kulitokea jambo.

Kwa hivyo ukiona ufa: simamisha kazi, mpigie mteja, aje auone kwa macho yake. Akikataa kulipia, mrudishie chombo chake na arubuni yake. Na likitokea baya, uwe wa kwanza kufika pale.

4. Andika, atie sahihi.

The Smiler, rolakosta ya bustani ya Alton Towers, Uingereza, iliyojengwa na Gerstlauer wa Ujerumani, ilikuwa ikisimama-simama tangu ilipofunguliwa 2013. Juni 2015 mfumo ulisimamisha gari kwa sababu mbele yake kulikuwa na jingine tupu lililokwama. Wafanyakazi wakadhani ni hitilafu tu, wakaulazimisha uendelee, gari lenye watu likaligonga lile tupu. Watu 16 waliumia, wanawake wawili wakakatwa mguu. Faini ya pauni milioni 5 iliangukia kampuni ya bustani, kwa jinsi ilivyoendesha kazi. Karatasi ya makabidhiano isemayo nani anafanya nini chombo kikisimama si urasimu, jamani.

5. Mengineyo.

Piga picha kabla ya praima. Rangi ya kupimia nyufa iingie kwenye bei, msiitoe mfukoni mwangu. Nati ya kujifunga haitumiwi mara mbili. Zungusheni kwa magunia ya mchanga kwanza, mazito kuliko watoto watakaopanda, kutwa nzima. Na aliyeyachukua magunia yale kwenda kujengea choo kwake Mikindani, namjua, ayarudishe kabla ya Jumatatu.